Mshono

Mlima umejifunika tangu alfajiri
na umeme umekatika mara mbili kabla ya chai.
Jenereta linanguruma. Nimeinamia hadubini,
kioo nambari elfu moja mia nne kumi na tatu:
mwanamke, miaka thelathini na minane, Kibosho.
Basi. Jina limebaki chini, kwa karani.

Kipande cha shingo ya kizazi,
chembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Jana nilikikata mwenyewe, kikaelea majini,
nikakiopoa taratibu
kama mtu anayeopoa utando wa maziwa.

Hapa tishu mbili hukutana.
Moja imepangwa tabaka juu ya tabaka,
moja imesimama mstari mmoja, kama mahindi.
Na mpakani, chini kabisa, seli changa
ambazo hazijachagua ukoo.
Zaweza kuwa za huku. Zaweza kuwa za kule.
Hiyo ndiyo neema yao,
na ndipo kirusi hupenda kubisha hodi.

Mama ni fundi cherehani, barazani, nyuma ya stendi ya Moshi.
Husema nguo nzuri haikusaliti kitambaani;
itakusaliti mshononi.
Seli nazo zimeshonwa, bega kwa bega,
kwa protini iitwayo klaudini, inapita, inarudi, inakaza,
hata maji yataombe ruhusa kupenya katikati.

Nimetia kingamwili, nimetia rangi.
Penye klaudini pageuke kahawia,
kahawia ya buni iliyokaangwa ikakaribia kuungua.
Nilijua ubaya nitakaouona:
uzi uliokatika, weupe mahali pa mshono.

Sivyo.

Uzi umezidi.
Umejaa katika zile zisizochagua ukoo,
umeacha ukingo, umeingia ndani,
umekaribia kiini, pasipo na kazi yake.
Bawabu ameacha lango,
yuko jikoni, anafunua masufuria.

Wahenga walituachia neno la ufa na ukuta.
Hawakutuachia neno la fundi
anayeshona pasipochanika,
anayeunga mkono wa gauni kwenye pindo,
usiku kucha, bila oda ya mtu,
na uzi haumwishii.

Dokta Lyatuu akaja, akatazama, akanyamaza sana.
Maana yake nini, nikauliza.
"Hatujajua yote. Huenda uzi ni dalili tu.
Huenda ndio unaozipa ukaidi wa kutokufa."
Akafuta miwani kwa pindo la koti.
"Shuka chini. Msingi umevukwa?"

Nikashuka. Nikafuata utando wa msingi
inchi kwa inchi, ijapokuwa hapa inchi ni safari ya siku,
kama babu alivyofuata mfongo asubuhi baada ya mvua,
akitafuta kingo zilipovuja,
mkononi udongo na maganda ya mgomba.

Hakuna panapovuja.
*Haijavuka*, akaandika daktari.
Neno moja, wino mweusi,
kwa mwanamke ambaye saa hii labda yuko Kiborloni
anabishania bei ya mkungu wa ndizi,
na hajui kwamba nimeusoma mpaka wake
kwa jasho kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa.

Jioni nikampitia mama.
Alikuwa anafumua gauni la Komunio,
kiuno kimekataa.
Ana miaka hamsini na sita na hajapima hata mara moja.
Mwaka juzi alikuwa na oda za harusi,
mwaka jana za shule.
Jumatatu, nikamwambia. Saa mbili. Nitakushikia foleni.

Hakujibu.
Akalamba ncha ya uzi,
akautafutia tundu la sindano kwenye mwanga unaokwisha,
akakosa, akakosa tena,
akanipa mimi.